Pini Kumi na Nne za Bibi

Kirby Mills, Vermont
18 Septemba 1988

Mama Odile mpendwa,

Hujambo huko Lewiston? Na Mama Mkubwa Berthe goti lake linamruhusu kushuka ngazi, au bado anakutuma wewe mpaka kisanduku cha barua? Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu Armand anasema simu inayatesa masikio yako. Mimi hata sijali, napenda kuandika, na leo nina mengi.

Leo ni wiki tatu na siku moja tangu niolewe na mwanao, na bado nikiosha vyombo naitazama pete mpaka maji yanapoa. Mama, ulizaa mwanamume! Anatoka na lori la maziwa kabla hakujapambazuka, na kila siku ananiachia kikombe cha kahawa kimefunikwa kwa kisahani ili nikiamka nikikute na joto. Jana alirudi kutoka shamba la mwisho na tufaha moja mfukoni. Moja tu! Akasema ndilo lililofanana na mashavu yangu. Nililila nusu, nusu nimeikausha.

Watoto ni wazima. Remy amepoteza kiatu kingine cha kushoto, na sasa ana vya kulia vitatu. Josette ameanza shule ya wadogo na hataki kusaidiwa kufunga vifungo. Lakini nywele ananiruhusu nizichane, kwenye ngazi ya tatu, na jioni anapanda mapajani mwangu bila kuuliza, kama paka wa nyumbani. Sijui nimwelezee mtu vipi raha hiyo.

Sasa habari yenyewe. Unajua ninavyoipenda Halloween, ule usiku wa mwisho wa Oktoba wa vinyago na maboga. Kwa hiyo nimepanda darini nikaliteremsha lile sanduku la vitabu vya picha, ingawa Oktoba haijafika. Vitabu kumi na sita! Wachawi, popo, mizimu, maboga yenye meno! Nimevifuta vumbi kimoja kimoja na kuvipanga dirishani. Tutasoma kimoja kila jioni kuanzia tarehe mosi, baada ya chakula, sisi wanne kwenye kochi moja. Nimeshaota mara mbili jinsi itakavyokuwa.

Ndani ya vitabu nilikuta pini za nywele, zile nyembamba nyeusi, zimebana kurasa huku na huku, nyingine zimeshika kutu. Nikazitoa zote, nikazitupa kwenye ndoo ya takataka, na Armand akaipeleka jalalani Jumamosi. Nilitaka vitabu viwe visafi. Nilitaka kila kitu katika nyumba hii kianze upya, Mama, pamoja na sisi.

Niambie, katika miaka mitatu uliyowalea hapa, ulikuwa ukianza na kitabu gani?

Mkweo mwenye furaha kuliko wote wa bonde hili,
Noreen


Lewiston, Maine
4 Oktoba

Kwako Noreen,

Barua yako ilifika. Sisi tuko salama. Berthe anatembea kwa fimbo na anaitumia zaidi kunielekezea kazi. Parokia yetu ilikuwa na chakula cha maharage Jumamosi. Nilipeleka mikate miwili, nikarudi na mmoja na nusu, kwa hiyo ama watu walishiba ama nimesahau kuoka.

Nimefurahi kwamba Armand anakula vizuri na kwamba Remy ana viatu vya mguu mmoja angalau.

Kuhusu vitabu, anza na chochote utakacho. Nyumba sasa ni yako. Kile cha boga lililonenepa kinawachekesha wote wawili. Josette akisema "bado," maana yake ni bado, usimsukume.

Nywele zake zichane kuanzia chini.

Kuna baridi hapa. Nimeingiza maua ndani.

Odile


Kirby Mills
9 Oktoba

Mama Odile mpendwa,

Natumaini maua yako yamenusurika na baridi. Huku theluji nyembamba ya asubuhi imeua nyanya zote, lakini milima imewaka nyekundu, na Armand amenunua maboga matatu makubwa, akayabeba yote kwa safari moja ili nimwone. Nilimwona. Nilipiga makofi.

Hapo ndipo furaha inapoishia, Mama. Nimeharibu jambo na sijui kulitengeneza.

Tarehe mosi tulikaa kwenye kochi kama nilivyoota. Nilikuwa nimepika donati, Remy ana sukari mpaka masikioni. Josette yuko mapajani mwangu. Nikafungua kitabu cha kwanza. Akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Pini ziko wapi?"

"Pini gani, mpenzi?"

"Za kwenye vitabu."

"Zilikuwa na kutu. Nimezitupa."

"Zote?"

"Zote."

Akashuka mapajani mwangu, taratibu, kama mtu anayeshuka kwenye barafu. "Basi wametoka," akasema.

"Nani wametoka?"

"Wote."

Remy akaacha kutafuna. "Hata yule wa chini ya ngazi?"

"Hasa yule," dada yake akamjibu.

Nami nikaongeza kosa juu ya kosa. Nikasema hakuna cha kuogopa, ni karatasi na rangi tu, angalia, na nikafungua kitabu katikati kumwonyesha. Mama, kati ya kurasa zote za vitabu kumi na sita, nilifungua ule wa kiunzi cha mifupa kinachotoa mkono chini ya ngazi. Alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Tangu siku hiyo ni siku nane. Nikigusa kitabu tu, anakwenda kukaa jikoni na vidole masikioni. Ngazi ya tatu hakai tena, ngazi yoyote hakai. Anapanda mbio akiwa amefumba macho, na nywele anaomba achanwe na baba yake, ambaye anazichana kama anayesafisha farasi. Vazi lake la popo nimelimaliza kushona, hataki hata kulijaribu. Anasema Halloween hatoki kwenda milangoni kwa watu kuomba peremende, kwa sababu Noreen amefungulia kila kitu. Barua yako ya "bado" ilinifikia tarehe sita. Niliisoma nimesimama kwenye kisanduku cha barua, nikatamani ingekuwa na mabawa.

Sasa niseme ukweli ambao sikuusema mwanzo. Nilipoziona zile pini, nilidhani ni za Yvette, mke wa Armand kabla yangu. Najua yuko Oregon, najua anapiga simu Jumapili na kuzungumza na watoto wake kwa wema, sina neno naye. Lakini nilikuwa bibi harusi wa wiki mbili, nikafungua kitabu nikakuta pini ya nywele ya mwanamke mwingine, halafu nyingine, halafu nyingine, na roho ikaniuma. Sikuzitupa kwa ajili ya kutu. Nilipokiri kwa Armand, alicheka mpaka akakaa chini.

"Yvette? Yvette alinyoa kichwa kama mwanajeshi tangu nilipomjua!"

"Basi za nani?"

"Mimi nitajuaje? Saa za vitabu mimi huwa nimeshalala na buti."

Josette ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, na vidole masikioni kumbe vinapitisha maneno. "Za Bibi."

Nilimsihi anieleze, akanieleza kwa huruma, kama mwalimu. Ukurasa wenye pini ni ukurasa wa bado. Pini ikiwepo, aliye ndani hawezi kutoka. Ukishakua kiasi cha kumtazama, unaitoa mwenyewe na kuirudisha kwenye nywele za Bibi.

Mama, nilikuandikia wewe, kwa mkono wangu, kwamba nimetupa pini zako. Na wewe ukanijibu mambo ya maharage.

Tulikwenda jalalani, mimi na Armand. Mzee anayelinda pale akatuuliza tumepoteza nini. "Pini za nywele," nikasema. Akamtazama Armand. "Pete ya ndoa naielewa, watu huja hapa wanalia. Lakini pini? Mnunulie mkeo nyingine, bwana, usiwe bahili!" Hatukupata hata moja.

Nisamehe. Nitajie tu kurasa ulizokuwa umezibana, nitanunua pini mpya na kuzirudisha zote kama zilivyokuwa. Na uje Halloween, tafadhali. Nataka mtoto huyu anikalie tena mapajani. Sitaki kitu kingine, hata mvua isinyeshe, hata mshumaa wa boga usiwake.

Noreen


Lewiston
15 Oktoba

Noreen, mwanangu,

Nakujibu siku ileile barua ilipofika, na Berthe ananung'unika kwamba supu inapoa. Acha ipoe.

Mimi nina masikio mabovu, lakini macho yangu yanasoma. Nilisoma "kila kitu kianze upya" na nikajihesabu miongoni mwa vitu. Niliiweka barua yako nyuma ya saa ya ukutani kwa wiki mbili. Kila ilipogonga niliiona. Kisha nikakujibu ile barua kavu, na nilipoitia sandukuni nilijua ni kavu. Ningeweza kukwambia pini ni zangu na zina kazi gani, na mtoto asingelia. Sikusema. Kwa hiyo kosa lina wenyewe wawili.

Nilipoondoka kwenu nilisema Berthe ananihitaji kwa ajili ya goti. Hilo lina ukweli kiasi. Lakini hakuna aliyenifukuza, na sikumpa mtu nafasi ya kunizuia.

Sikiliza jinsi zilivyoanza. Josette alikuwa na miaka mitatu. Alivipenda vitabu vile kuliko peremende, lakini yule wa chini ya ngazi alimshinda. Hakutaka kitabu kiondoke, wala hakutaka yule atoke. Nilikuwa nimemshika Remy mkono mmoja, chupa ya maziwa mkono wa pili; nikainamisha kichwa, nikamwambia chukua pini, mfungie. Akachukua. Akambana. Tukasoma kitabu chote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, tukamruka yule, na mtoto akalala. Oktoba iliyofuata alitoa pini mbili mwenyewe na kunichomeka kichwani kwa nguvu za mtu mwenye ushindi. Nina kovu.

Unaniomba nikutajie kurasa. Sizijui. Sikuwahi kuzibana mimi. Mimi nilitoa pini tu. Kuchagua alichagua yeye.

Ndani ya bahasha hii zimo kumi na nne. Zote zilikuwa kichwani mwangu leo asubuhi. Mpe mkononi, usizipange wewe. Kaa karibu na unyamaze, najua kwako hiyo ni kazi. Usimwambie hakuna cha kuogopa. Anajua kipo, anachotaka ni kujua nani anakifunga.

Kuhusu kuja Halloween, sijui. Kuna goti la Berthe.

Mama yako,
Odile

Berthe ameniona nywele zimemwagika akasema mwaka huu hatuhitaji kununua mchawi wa kuweka mlangoni.


Kirby Mills
Jumapili, 23 Oktoba

Mama yangu, Mama Odile,

Salamu zako na za Mama Mkubwa tumezipokea, na mwambie mchawi wa mlangoni tunamtaka sisi! Armand mzima, amenenepa kidogo, nasema ni mapenzi, yeye anasema ni donati. Remy amepata kiatu cha kushoto ndani ya boga. Usiniulize.

Mama, nalia ninapoandika, lakini usiogope, ni kilio kile kizuri!

Bahasha ilifika jana. Niliiweka mkononi mwa Josette na kusema maneno manne tu, niliyahesabu: "Hizi ametuma Bibi, zako." Kisha nikajiuma ulimi. Akazimimina kwenye zulia. Akainusa moja.

"Ni zake kweli," akamwambia Remy. "Zina ile harufu ya sabuni."

Akavivuta vitabu vyote kutoka dirishani. Ilimchukua mchana mzima. Alikuwa akifungua ukurasa kidogo, kama mtu anayechungulia sufuria, anatazama, anafunga, anafikiri. Armand aliingia na buti zake za maziwa, nikamwonyesha kidole mdomoni, akakaa sakafuni palepale mlangoni kama mvulana aliyechelewa shule. Remy akaanza kuagiza.

"Yule popo mfungie."

"Popo hafungwi. Popo ni mimi."

"Na mchawi wa supu?"

"Huyo ana shida ya meno tu."

Yule wa chini ya ngazi, Josette alimtazama kwa muda mrefu mno. Kisha akachukua pini, akambana. Akaongeza ya pili, pembeni. "Huyu bado sana," akasema, na akashusha pumzi, nasi sote tukashusha.

Mama, alitumia pini tano tu! Mbili kwa yule, na tatu kwa wengine watatu. Katika vitabu vyote kumi na sita! Halafu akaokota ya sita, akaja akasimama mbele yangu.

"Na wewe funga wako."

Nilitaka kusema mimi ni mtu mzima, siogopi picha. Nikakumbuka ulichoandika. Nikavipekua. Mizimu haikunishtua, wala mifupa. Lakini katika kile cha jalada la kijani kuna picha ya mchawi mzee anayefunga mlango wa nyumba yake na kuondoka peke yake, begi mkononi, paka akimtazama dirishani. Sikuweza kuitazama. Nikaibana.

Josette akashangaa. "Hiyo haitishi. Anaondoka tu."

"Mimi inanitisha," nikamwambia.

Akaifikiria. Akaipima pini yangu kwa kidole kama imeshika sawasawa. "Basi sawa. Ikikaa, hatoki." Na Mama, akageuka, akanipa mgongo, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa mapajani mwangu. Bila kuuliza. Uzito wake wote! Armand akajidai anafungua kamba za buti. "Kitabu cha boga lililonenepa," akaamuru. Nikasoma, naye akinisahihisha.

Leo asubuhi amekaa ngazi ya tatu na chanuo. Nimechana kuanzia chini.

Zimebaki pini nane. Nilitaka kukurudishia kwa posta, akanitazama kama mtu asiye na akili. Pini hazirudi kwa posta, amesema. Zinarudi kichwani, na anayezirudisha ni yeye. Tumeziweka kwenye kikombe chako cha maua ya buluu, kile ulichokiacha. Kumbe nilipotaka kila kitu kiwe kipya, kikombe kile sikukigusa. Nilikuwa nakinywea chai kila siku.

Basi la Jumamosi linapita Lewiston saa tatu asubuhi. Sikusukumi.

Noreen wako


Lewiston
26 Oktoba

Noreen,

Fupi, kwa sababu mtu wa posta yuko mlangoni. Berthe amesema goti ni lake na nisilisingizie tena. Nitakuwa ndani ya basi la Jumamosi. Mwambie Josette kichwa kinakuja. Nywele nimezifunga kwa uzi wa kufumia wa Berthe, rangi ya machungwa, watu wa kanisani wamedhani ni kwa ajili ya sikukuu.

Mama


Lewiston
3 Novemba

Mwanangu Noreen,

Nimefika salama. Berthe hajambo, amekula donati zako zote kabla sijavua koti, na anauliza kama wewe una dada. Mpe Armand pole ya mgongo. Mwanamume mwenye akili habebi boga na mtoto aliyevaa kama boga kwa wakati mmoja.

Bado namwona popo yule akimvuta mdogo wake mkono katika barabara yenu, akigonga mlango baada ya mlango, wewe na mwanangu mnawafuata nyuma mmeshikana kama mnaokwenda harusini tena. Nilicheka nikashikilia uzio.

Nataka kukwambia jambo moja.

Asubuhi ya kuondoka, Josette aliponisimamia nyuma juu ya kiti pale barazani na kunirudishia pini, wewe ulikuwa umesimama nyuma yake. Nilikusikia, hata kwa masikio haya, ukimwambia, "Hapo, sukuma kidogo, usimchome Bibi." Pini nane. Alizihesabu kwa sauti, nusu ya mtaa ikasikia.

Nilipofika hapa nikakaa mbele ya kioo kuzitoa. Nikaziweka mezani. Moja, mbili, mpaka nane. Nikapitisha mkono, na nyuma kabisa, karibu na shingo, kulikuwa na nyingine.

"Umezeeka," Berthe akasema, "hata kuhesabu umesahau." Tukahesabu pamoja. Tisa.

Yule wa chini ya ngazi bado ana zake mbili, nilihakikisha mwenyewe kabla ya kuondoka, na wale wengine watatu wana zao. Kwa hiyo najua hii ya tisa imetoka kitabu gani na ukurasa gani. Sikuulizi uliitoa lini.

Nane nimezitia kwenye kisahani. Hiyo ya tisa sikuitoa, naandika ikiwa bado kichwani, na Berthe anasema nimeiweka upande. Krismasi nitakuja nayo.

Ukurasa ule uache wazi.

Mama yako,
Odile